Mpimaji Namba Thelathini na Moja

Kiwandani, saa ya mapumziko
6 Februari, mwaka wa nne wa vita

Baba Pacha mume wangu,

Salamu nyingi. Leo nimetimiza mwaka mzima kwenye kiti chako. Msimamizi amekuja kunipongeza, akasema nakaa kama mtu aliyezaliwa juu ya mizani. Nikamwambia kiti ni cha mume wangu, mimi nakipasha moto tu mpaka arudi. Akacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka siku hizi ukiwatajia kurudi kwa mtu.

Kiwanda hungekitambua. Matanuri matano yamebaki mawili, kwa sababu mafuta yote yamekwenda kwenye malori yenu. Chumba cha kufunga pakiti ni wanawake watupu. Mwanamume pekee aliyebaki ni huyo msimamizi, ambaye jeshi lilimkataa kwa sababu ya moyo. Wenzangu wanasema walimpima wakakuta hana.

Wiki iliyopita walikuja kung'oa vitasa vya milango mtaa mzima, eti shaba inahitajika. Mlango wetu sasa unafungwa kwa kamba ya viatu. Waziri naye yuko redioni kila asubuhi akituambia tufunge mkanda. Wangu umebaki tundu moja, nalo nimelitoboa mwenyewe kwa msumari. Ningependa siku moja atufunulie koti lake tuone wake umefika tundu la ngapi.

Lakini kazi nimeishika. Pakiti arobaini na nane, sanduku lipande mizani, niandike karatasi: uzito, tarehe, namba 31, saini. Karatasi ikae juu ya biskuti, kifuniko kipigiliwe. Bado naisikia sauti yako: "Sanduku lisilo na karatasi limeibiwa njiani." Uliniimbia hivyo miaka kumi kabla sijaiona mizani yenyewe.

Sasa siri. Nimemwomba dereva anayeleta chakula kwenye kikosi chako apakie masanduku ya kiti changu tu. Amekubali, kwa kuwa mke wake alijifungulia mikononi mwa Mama. Kwa hiyo ukifungua sanduku, anza na karatasi. Mwandiko ni wangu.

Pacha hawajambo. Yule wa pili bado anadai yeye ndiye mkubwa, na kwamba alimtuma mwenzake atangulie kuangalia kama kuna usalama. Mama anagombana na redio. Sisi tunashiba. Wewe je?

Mkeo,
Mama Pacha


Ghalani
2 Machi, mwaka wa nne wa vita

Mke wangu Mama Pacha,

Barua yako imefika pamoja na masanduku, vyote siku moja, nikawa kama mtu aliyepokea wageni wawili na ana kiti kimoja.

Ghala langu lilikuwa darasa. Ukutani bado kuna jedwali la kuzidisha, nami nimepanga masanduku chini yake, ila mpaka sasa hayajazidi. Malori yapo matatu na matairi ya malori mawili, kwa hiyo tunayabadilisha kama watoto wanaoshirikiana shati la shule. Buti mpya zimekuja na soli za karatasi ngumu. Zikilowa zinafumuka kama mkate kwenye chai. Fundi viatu wetu, tunamwita Gundi, anasema alisomea ngozi miaka sita akaishia kuwa fundi wa maboksi. Juzi tumeletewa askari mpya wa miaka hamsini na mbili. Ameuliza kwa heshima zote kama kuna bunduki nyepesi kidogo.

Karatasi yako ya kwanza nimeisoma mara tatu. Sikujua kwamba saba yako unaifunga mshipi kiunoni. Ilitakiwa niibandike kwenye daftari la mapokezi, lakini nimeichomoa nikaitia mfukoni. Ndiyo, mimi, niliyewahi kumfukuzisha mpakiaji kazi kwa karatasi moja. Nimejiambia moja haina neno.

Mizani yangu ikoje? Bado inaegemea kushoto asubuhi kabla haijapata joto? Kuna mtu yeyote aliyeigusa? Niambie tu, nimeikumbuka.

Biskuti zinafika vizuri. Tunashiba.

Mumeo,
Baba Pacha


Nyumbani
20 Machi

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana nikimwambia mkeo aniandikie atayaruka anayotaka kuyaruka. Nimezalisha watoto zaidi ya elfu moja na sijawahi kumdanganya mama yeyote kuhusu alichokizaa. Sitaanza leo na wewe.

Mkeo anakonda. Anasema amekula kiwandani. Kiwandani hawali, nimemuuliza jirani anayefunga pakiti. Kadi yake ya mgao, ile ya mfanyakazi wa jeshi, ndiyo inayotulisha sote wanne, na akigawa chakula anajiweka wa tano.

Kuna jambo jingine. Anarudi na vumbi la mbao kwenye nywele. Kiwanda cha biskuti, vumbi la mbao. Nimemuuliza, akasema siku hizi wanatengeneza masanduku wenyewe. Mimi si seremala, lakini mwanamke anayetengeneza masanduku hasimami mlangoni robo saa akijipangusa kabla ya kuwagusa watoto wake.

Sijui ni nini. Sikwambii umkaripie. Muulize, na umuulize kwa upole, maana siku hizi ukimshika hata begani anashtuka. Baba yako alikuwa mtu mwema, ila kila jambo zito alilisogeza mbele, akisema tutazungumza. Tulizungumza kweli, mimi nimesimama na yeye amelala kaburini.

Pacha wameng'oka meno ya mbele siku moja, wote wawili. Sasa wakiongea wanafanana na wabunge.

Mama yako


Kiwandani
4 Aprili

Baba Pacha,

Mizani yako haijaguswa. Inaegemea kushoto asubuhi, naisubiri ipate joto, ndipo naanza. Nimeshangaa kidogo, mtu yuko mbali mwaka mzima, anaulizia chuma mistari minne na mkewe mstari mmoja. Natania. Karibu natania.

Najua Mama amekuandikia. Alikuja kuniomba wino, akasema ni wa kutia alama mashuka. Lolote alilokuambia, gawa kwa mbili.

Kazini kuna jambo nitakueleza ukirudi. Si la kuandika. Usiwaze mbali, si ugonjwa wala si mwanamume. Msimamizi akitaka kunikonyeza itabidi kwanza amwone daktari.

Ila nikuulize, wewe uliyekaa hapa miaka kumi na minne. Mtu akiambiwa na wakubwa afanye kitu, na akikataa kiti kinaondoka na kadi, na nyumbani kuna vinywa vinne, je, kitu hicho ni chake au ni cha waliomwambia? Usinijibu haraka. Nimebishana na nafsi yangu pande zote mbili na nimeshindwa pande zote mbili.

Tunashiba.

Mkeo


Kambi ya nyuma
9 Mei

Mke wangu,

Samahani kwa kimya. Nimeondolewa ghalani kwa muda. Anwani mpya ni kambi ya nyuma, nyumba namba mbili. Ni mahali pa kupumzika. Kuna kitanda na dirisha, na kazi hakuna kabisa, kwa hiyo usinionee huruma.

Nina ombi moja, nakuomba usiniulize sababu. Nenda kwa msimamizi akutoe kwenye mizani. Uende kwenye matanuri, uende kwenye kubandika lebo, popote. Namba 31 apewe mtu mwingine au ifutwe. Fanya hivyo wiki hii.

Na mtu akikuuliza kuhusu karatasi zako, sema hukumbuki.

Nibusie pacha. Mwambie yule wa pili nimekubali, yeye ndiye mkubwa.

Baba Pacha


Kiwandani
25 Mei

Baba Pacha,

Barua hii haipiti posta. Dereva ataishona ndani ya kiti cha lori, kwa hiyo nitasema yote na utasoma yote.

Umeuona ubao. Nilijua tangu ulipoulizia mizani. Hakuna mtu anayekumbuka chuma kiasi hicho. Na sasa unanitoa kwenye kiti chako kwa sababu nimekichafua. Sawa. Lakini kabla hujanitoa, sikiliza nilivyokikalia.

Katikati ya Februari alikuja bwana mmoja wa wizara, suti safi, kucha safi. Akasema unga umepungua kwa kuwa mashamba hayana watu, na watu wa mashamba mko huko. Akasema mafuta ya matanuri yanakwenda kwenye malori yanayopeleka biskuti ambazo matanuri hayawezi kuoka kwa kukosa mafuta. Aliyasema haya bila kucheka. Kisha akasema askari wameahidiwa pakiti arobaini na nane kwa sanduku, na serikali haivunji ahadi. Kwa hiyo tutie arobaini, chini tulaze ubao, uzito ubaki uleule. Nikaomba agizo hilo kwa maandishi. Akaniuliza nina watoto wangapi.

Ndivyo vita vya mwaka wa nne vinavyopiganwa, mume wangu. Vinaahidiwa kwa mdomo wa waziri na kutimizwa kwa mbao. Kila ambaye hajaenda anasema tunashinda, na ushindi wenyewe umekula vitasa, umekula malori, umekula mashamba, umefika kwa wanaume wa miaka hamsini na mbili na bado unalamba sahani. Wangetuambia unga umekwisha, tungejua la kufanya. Tungekula kidogo sote, au tungeuliza kama haya mambo hayawezi kukoma. Hapo ndipo hofu yao ilipo. Anayekiri kwamba unga umekwisha ataulizwa umeishia kwenye nini.

Mimi nilikata mbao. Niliandika uzito kamili na kuweka saini. Sitajificha nyuma ya kusema kwamba wapimaji wote kumi na mmoja tumefanya. Ila kwenye masanduku yako nilitia pakiti arobaini na mbili. Ubao niliuranda kwa mkono mpaka mizani ikubali, na hilo ndilo vumbi alilokuandikia Mama. Zile mbili za ziada nimezipunguza kwenye masanduku ya maofisa wa makao makuu, ambayo hadi leo yameagizwa yatoke na arobaini na nane kamili. Huo ndio wizi wangu, na siutubii.

Kinachonikereketa ni kwamba nilimwomba dereva akuletee mwandiko wangu, kisha kwa mwandiko huohuo nikalazimika kukuandikia uongo, sanduku kwa sanduku, wewe.

Kiti sitoki. Nikitoka, kadi inaondoka. Kama umenichoka niambie waziwazi, usinipe nusu ukurasa kama notisi ya mwenye nyumba.

Bado ni mkeo, kama bado unamtaka,
Mama Pacha


Kikosini
8 Juni

Shemeji,

Hunijui. Mimi ni fundi viatu wa kikosi, hapa naitwa Gundi. Barua yako ilifikia kwangu kwa mkono wa dereva. Sikuifungua. Nilimpitishia mumeo dirishani, akaisoma amesimama, akalia, akaniomba niichome. Nimeichoma. Lakini hakuniomba nisikuandikie.

Shemeji, mumeo hapumziki. Nyumba namba mbili ya kambi ya nyuma ni mahabusu. Yumo tangu tarehe 28 Aprili, anashtakiwa kuiba biskuti za kikosi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu lilikuja tangazo kutoka makao makuu: kuna masanduku pungufu, na mpimaji ambaye namba yake itakutwa ndani ya sanduku pungufu atashtakiwa kwa hujuma. Mumeo alilisoma akalikunja. Kuanzia siku hiyo, lori likifika anafungua masanduku peke yake, anatoa karatasi zote, anapeleka mbao jikoni zikachomwe, ndipo anaita watu. Wakaguzi walipokuja walihesabu masanduku sitini na mawili. Pakiti mia tatu sabini na mbili hazipo, na karatasi hakuna hata moja. Sheria ya karatasi unaijua kuliko mimi. Na askari wameamini upesi, maana wana njaa ya miezi na sasa wamepata mtu mwenye sura wa kumchukia.

Akiulizwa zilikokwenda, anajibu, "Nilikula." Shemeji, mumeo amefunga suruali yake kwa waya.

Mimi nilijua kwa sababu ya buti. Aliniletea zake mwezi wa nne nizitie soli ya ndani, akanipa na karatasi za kutumia, zimepangwa vizuri kama noti za benki. Nilidhani ni takataka za ghala. Nilipozipaka gundi nikaona zote zina namba moja na saini moja. Nikamuuliza kwa nini hazichomi pamoja na mbao. Akaniambia, "Ni mwandiko wa mke wangu."

Kesi itasikilizwa tarehe 30 Juni. Kwa kosa hili mtu anapelekwa kwenye kikosi cha kutegua mabomu ya ardhini. Mwaka huu tumepeleka watu tisa huko. Sijaletewa buti hata jozi moja ya kutengeneza kutoka kwao.

Amekataa kujitetea, na ameniapisha nisiseme kwa mkuu wa kikosi. Wewe hakukutaja kwenye kiapo.

Shemeji yako,
Gundi


Kiwandani
16 Juni

Mume wangu, mjinga wangu,

Gundi ameniandikia. Usimlaumu, na usimwapishe tena, hajui kuapa.

Nimekaa na barua yake kwenye ngazi za kiwanda mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Nilikuandikia kama mtu aliyechokwa, na wewe ulikuwa unatembea juu ya jina langu ili lisionekane. Nisamehe. Kisha na mimi nikusamehe, maana nina hasira na wewe. Nani alikuambia ningekubali? Ulikuwa unakwenda kukanyaga mabomu kwa ajili yangu bila kuniuliza, kama mwanamume anayenunua kitanda bila kupima mlango.

Jioni nikampa Mama aisome. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kwa hiyo ukisema, wanakunyang'anya kadi."

"Ndiyo, Mama."

"Na usiposema?"

Nikaikunja barua. Akasema, "Mimi nina mikono miwili, na mimba hazijasikia kwamba kuna vita. Kesho nenda kaseme."

Kesho yake saa ya mapumziko niliwaita wapimaji wenzangu kumi nyuma ya matanuri yaliyozimwa, nikawasomea barua ya Gundi. Namba kumi na tisa, yule bibi mnene uliyekuwa unamwogopa, akasema, "Unataka tufanye nini? Tugome? Watatupakia kwenye lori na sisi."

"Hapana," nikasema. "Nataka tupime."

"Si tunapima?"

"Tunapima sanduku. Tupime kilichomo."

Nikawaonyesha karatasi niliyokwisha kuiandaa. Biskuti, pakiti arobaini. Ubao, kilo tatu na nusu. Namba, saini. Nikawaambia, mpimaji anayeandika uongo anashtakiwa, lakini mpimaji anayeandika kilichomo watamshtaki kwa nini? Kwa kujua kusoma mizani? Na mimi peke yangu watanizima kama kibiriti, ila wote kumi na mmoja wakitutoa leo, kesho hakuna biskuti inayotoka.

Namba saba akasema ana watoto watatu. Nikamwambia najua. Hakuna aliyemsukuma. Namba kumi na tisa akasema, "Mwanangu yuko kikosi cha nne. Tangu Februari mama yake anamlisha mbao." Akachukua kalamu. Namba saba akaichukua baada yake.

Malori yamepakiwa leo mchana, na safari hii nimemwambia dereva wako achanganye masanduku ya namba zote. Kila sanduku la kila kikosi lina mistari miwili. Msimamizi alisimama mlangoni, akainua karatasi moja juu ya sanduku lililokuwa bado wazi, akaisoma. Nilimwona anavyosoma, midomo inatembea. Kisha akairudisha mahali pake na kumwambia dereva, "Pigilia." Nayafuta yote niliyowahi kusema kuhusu moyo wake.

Mahakama nimeiandikia pia, barua moja yenye saini kumi na moja na namba kumi na moja.

Tarehe 30 wakikuuliza, sema. Vua buti mbele yao. Ukisema tena kwamba ulikula, nitakuja huko kwa miguu nikuumbue. Nitawaambia nimekupikia miaka kumi na miwili na hujawahi kumaliza sahani.

Mkeo,
namba 31


Ghalani
12 Julai

Mke wangu,

Niko ghalani. Nimeanza na hilo ili uvute pumzi.

Kesi ilisikilizwa humuhumu darasani. Kanali aliyekuwa anasimamia ni mzee, ana kikohozi kama cha Mama. Alisoma barua yenu mara mbili bila kubadilisha uso. Kisha akaagiza lifunguliwe sanduku moja kutoka shehena iliyofika tarehe 20, lililofungwa bado. Karani akasoma kwa sauti: "Biskuti, pakiti arobaini na mbili. Ubao, kilo mbili na gramu mia sita. Namba 31."

Kanali akasema lazima ni utani. Wakatoa pakiti, ubao ukatoka. Akaagiza la pili. Hilo lilikuwa la namba kumi na tisa. La tatu, namba saba. Akauliza yapo mangapi. Nikasema themanini, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu na hakuna mwingine aliyejibu. Akasema, "Fungueni yote." Wakafungua yote. Mbao zikapangwa juu ya meza mpaka karani akawa haonekani, na yule askari wetu wa miaka hamsini na mbili, aliyekuwa mlinzi mlangoni, akaanza kucheka, akashindwa kuacha, wakamtoa nje.

Ndipo nikavua buti. Gundi akabandua soli kwa kisu chake. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa jasho, ila namba ilisomeka.

Wameniondolea wizi. Kuchomoa karatasi ni kosa, nimenyang'anywa cheo, na sitapata likizo miezi kumi na miwili. Kanali aliposoma hukumu alisita kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwandiko huo unastahili yote hayo. Nikamwambia ajaribu kuishi nao.

Siku nne baadaye limekuja tangazo: kuanzia sasa sanduku ni pakiti arobaini. Hakuna aliyeomba radhi, na hakuna aliyetaja ubao. Vita inaendelea, na tumbo ni lilelile. Lakini jana wakati wa kugawa, watu walisimama kwenye foleni, na mmoja wao, aliyenitemea mate mwezi wa tano, akanirudishia pakiti moja akasema nilikuwa nimemzidishia. Sikuwa nimemzidishia.

Sasa nikwambie nisiyokuambia. Hatushibi. Mimi sijashiba tangu Desemba. Meno mawili yamelegea, na mguu wa kushoto una kidonda kisichofunga. Mahabusu niliogopa sana, nikawa nasema jina lako kwa sauti mpaka mlinzi akaniomba nibadilishe wimbo. Nimekuandikia "tunashiba" mara nyingi hata mkono ulikuwa unajiandikia wenyewe.

Niambie na wewe. Niandikie barua isiyo na ubao chini.

Mumeo,
Baba Pacha


Nyumbani
30 Julai

Mume wangu,

Haya.

Walinitoa tarehe 3 Julai, mimi na namba kumi na tisa na namba saba. Wanane wamebakizwa kwa sababu lazima mtu apime, na wanaandika kilichomo. Msimamizi aliniletea barua ya kufukuzwa mwenyewe, akashindwa kunitazama, akaniachia mezani penseli yake nzuri. Kadi imeondoka siku hiyohiyo.

Mama amerudi kazini. Ana miaka sabini na mmoja, anapanda ghorofa nne kumzalisha mtu na kurudi na mshumaa, au bakuli la dengu, au shukrani. Kitanda chetu kimeuzwa. Nakohoa tangu Aprili. Pacha wa kwanza alizimia darasani wiki iliyopita, yule wa pili akambeba mgongoni mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna anayebishana naye kuhusu ukubwa. Ninakasirika ovyo. Kuna siku nilikuchukia kwa kuwa hai mbali nami, kisha nikajichukia, kisha nikafua.

Nafua bendeji hospitalini, siku tatu kwa wiki. Maji ya kwanza yanatoka mekundu, ya tatu yanatoka ya waridi, ya tano tunasema ni safi. Leo tumelipwa viazi, vinne kila mtu, vimechemshwa na maganda yake.

Nilikula kimoja njiani. Kizima, nimesimama karibu na ukuta wa posta, mgongo umewaelekea watu. Sijawahi kufanya hivyo tangu uondoke. Zamani ningefika nyumbani nikasema nimepewa vitatu. Leo nimefika, nimeweka vitatu mezani, nikawaambia kilikuwepo cha nne nami nimekila.

Mama akasema, "Vizuri."

Pacha wakatazamana, kisha yule wa kwanza akauliza kama kilikuwa na chumvi. Nikasema hapana. Wakanionea huruma kwa hilo, kweli kabisa, kwamba nimekula kiazi kisicho na chumvi. Tukakaa tukakata vile vitatu kwa watu wanne, na Mama aliponisogezea kipande changu nikakipokea. Sikusema nimeshiba.

Mkeo